Wapagazi waliopotea ndani ya neno "safari"

*Kiingereza kilipolikopa neno hili kutoka midomoni mwa watu wa misafara, kilichukua watu, mizigo na njia yao. Leo kimebaki na mtalii, gari na simba. Nani aliondolewa, na kwa nini jambo hilo linatuhusu?*

Aprili 1909 treni ya Reli ya Uganda ilisimama katika kituo kidogo cha Kapiti, mbugani Ukambani, akashuka Theodore Roosevelt, ambaye wiki chache tu nyuma alikuwa Rais wa Marekani. Mahema yalikuwa yamekwisha kusimikwa, na bendera kubwa ya nchi yake ilipepea juu ya hema lake. Wapagazi zaidi ya mia mbili walikuwa wamejipanga kumpokea, pamoja na askari, wapishi, wabeba bunduki na watunza farasi. Kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi ndiyo iliyoandaa kila kitu. Katika shehena hiyo mlikuwa na takriban tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi za wanyama ambao siku hiyo walikuwa bado hai, wakila majani. Pale njia ya magurudumu ilipoishia, shehena ilipanda vichwani mwa watu.

Mwaka uliofuata Roosevelt alitoa kitabu chake, *African Game Trails*, kilichosomwa sana Marekani. Humo aliwaeleza wasomaji wake kwamba neno "safari" katika Afrika Mashariki lina maana mbili kwa pamoja: mwendo wenyewe, na kundi zima la watu wanaouwezesha mwendo huo. Maelezo hayo ni ushahidi mzito. Yanaonyesha kwamba mwaka 1910 Mmarekani wa kawaida aliyesoma neno hili alifundishwa kuwaona wapagazi ndani yake. Ukifungua leo tangazo la utalii la Kiingereza, utakuta neno lilelile, lakini mle ndani hamna mpagazi hata mmoja. Kuna gari lenye paa la kufunguka, kuna mgeni mwenye darubini, kuna twiga.

Wengi wetu tumezoea kulalamika kwamba wageni wamelipotosha neno letu, kwamba safari kwa Mswahili ni mwendo wowote na wao wameifanya kuwa kutazama wanyama. Lalamiko hilo lina ukweli, lakini linakosea mahali pa kuweka lawama. Kiingereza hakikukosea kilipolikopa neno. Kilichukua maana iliyokuwa hai kabisa midomoni mwa watu wa misafara. Hasara ilikuja baadaye, hatua kwa hatua, kila mara msafara ulipopata njia ya kumwacha mtu mmoja nyuma, na aliyeachwa alikuwa yuleyule.

Mzigo kichwani, neno mdomoni

Asili ya mbali inajulikana. Waarabu wana *safar*, yaani mwendo, na mwenye kwenda ni *musafir*. Neno hilo limetembea sana: kwa Waturuki *misafir* ni mgeni, na kwa wenye kusema Kihindi na Kiurdu *musafir* ni msafiri kama kwetu. Kama Kiingereza kingelikopa neno hili Cairo, Istanbul au Bombay, kingepata kitu kingine. Kililikopa kwenye njia ya kutoka Mrima kwenda maziwa makuu, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na chombo kilichohitaji jina.

Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Katika kitabu alichokitoa 1860, Burton anaigawa misafara ya Bara katika aina tatu. Kuna ya Wanyamwezi wenyewe, kuna inayoongozwa na Waswahili waungwana au watumwa wa kuaminiwa waliotumwa na matajiri wao, na kuna ya Waarabu. Anapofika kwenye aina ya pili ndipo anapoandika neno "safari", na analitumia kwa wingi, akizungumzia makundi: jinsi yanavyokula, jinsi yanavyotembea. Kwa hiyo katika mojawapo ya maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiingereza yenye neno hili, safari ni watu. Ni watu wenye njaa au shibe, wenye kiongozi wao, wenye ngoma yao ya kuamshia kambi.

> Katika mojawapo ya maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiingereza yenye neno hili, safari ni watu.

Ni vizuri kukumbuka watu hao walikuwa nani. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, ameonyesha kwamba wengi wa waliobeba mizigo katika njia ya kati walikuwa watu huru, Wanyamwezi hasa, waliofanya kazi kwa ujira. Walikuwa na desturi zao za kazi, waligoma posho ilipopungua, na mwenye msafara aliyewadhulumu aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wenyewe wametoroka. Mzigo wa kawaida ulikuwa kati ya kilo 27 na 32, mbali na mkeka, chungu na silaha ya mpagazi mwenyewe. Kwa vijana wengi wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi ilikuwa njia ya kuhesabiwa wanaume.

Kiswahili cha leo bado kinaitembea njia ile, hata tusipotambua. Mtumba ulikuwa robota la nguo lililobebwa na mpagazi. Leo mitumba ni nguo zinazouzwa Karume na Gikomba. Posho ilikuwa chakula cha njiani, au kitambaa cha kununulia chakula. Leo wabunge hubishania posho. Mnyapara aliwasimamia wabebaji. Leo husimamia wafungwa au vibarua. Hongo ilikuwa ushuru wa halali, waliotozwa wenye misafara na watemi wa Ugogo na kwingineko kwa ruhusa ya kupita na kuteka maji. Leo ni rushwa. Maneno haya yote yamebadilika, mengine yamechafuka, lakini kila moja limebaki mikononi mwa watu wanaofanya kazi au wanaodai malipo.

Msafara uliofiwa na bwana

Tukio moja linaonyesha, kuliko ufafanuzi wowote, maana ya safari enzi zile. David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Kwa jinsi neno linavyoeleweka leo katika Kiingereza, safari ilipaswa kuishia hapo, maana mwenye safari amekufa. Haikuisha. Watu wa msafara wake, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, waliukausha mwili, wakauviringisha kwa kitambaa na gome la mti, wakaunyanyua na kuelekea pwani.

Walipofika Kwihara, karibu na Tabora, walikutana na luteni wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuja kumtafuta Livingstone. Cameron alishauri wamzike palepale. Walikataa. Huko mbele, walipoona kwamba watu wa njiani hawataki maiti ipite nchini mwao, waliufunga mwili upya ukaonekana kama mtumba wa nguo, wakaeneza habari kwamba maiti imerudishwa nyuma, na wakaendelea. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi zaidi ya minane barabarani. Livingstone alizikwa London, Westminster Abbey, Aprili mwaka huo.

Mambo yote yaliyoifanya safari kuwa safari yalikuwepo: uongozi, nidhamu, ujuzi wa njia, ujanja wa kujadiliana na wenyeji, hesabu ya posho. Aliyekosekana ni bwana wake peke yake, na msafara ulimudu bila yeye. Katika miaka hiyo magazeti ya London yaliwaandika Chuma na Susi kwa majina, na Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimtunukia Sidi Mubarak Bombay, aliyetembea na Burton, na Stanley, na kisha na Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Hawakupewa heshima sawa na mabwana wao, hilo liko wazi. Lakini msomaji wa Kiingereza alijua wapo.

Maana ilivyofinywa

Kwanza ilikuja reli. Ile ya Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma 1914. Biashara ya masafa marefu ilitoka vichwani ikaingia kwenye mabehewa, na neno "safari" likabaki na mwindaji tajiri, kwa sababu yeye bado alitaka kwenda mahali ambapo reli haifiki. Huyo ndiye Roosevelt wa Kapiti. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na vielelezo zaidi ya 11,000, vya wanyama na mimea, vikapelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Neno lilikuwa limekwisha kuhama kutoka biashara kwenda starehe na elimu ya viumbe, lakini bado lilitembea kwa miguu, na bado lilihitaji mamia ya watu.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya kwanza, na hapa pana jambo la kutafakari. Uchukuzi mkubwa kupita wote katika historia ya eneo letu ulifanyika kati ya 1914 na 1918, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipowachukua wabebaji kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kwa Kiingereza jambo hilo halikujulikana kwa jina la safari. Jina lake lilikuwa la kijeshi, Carrier Corps, na limebaki hadi leo Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Yaani kufikia hapo Kiingereza kilikuwa tayari na majina mawili: moja la mzigo wa starehe, jingine la mzigo wa kifo, na mpagazi alihamishiwa kwenye hilo la pili.

Motokaa zilimalizia kazi. Katika miaka ya 1920 na 1930 wawindaji walianza kusafiri kwa malori, na wabebaji mia mbili wakawa watumishi kumi na tano. Ernest Hemingway alipowinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934 alikuwa na magari. Kitabu chake cha 1935, *Green Hills of Africa*, kina watumishi wachache wenye majina, si msafara. Kamera nayo ikaanza kuchukua nafasi ya bunduki, kwa manufaa ya wanyama. Tanzania ilisimamisha uwindaji kuanzia 1973 hadi 1978, na Kenya ikaupiga marufuku mwaka 1977. Tangu hapo safari kwa Kiingereza ikawa, kwanza kabisa, kutazama.

Baada ya hapo neno likakatika kabisa na ardhi yake. Mwaka 1966 simba waliachiwa katika shamba la Longleat, kusini mwa Uingereza, watu wakapita katikati yao na magari yao, na mahali pale pakaitwa bustani ya safari. Kuna mashati ya safari, na mwaka 2003 kampuni ya Apple ililitia jina hilo kwenye programu yake ya kufungulia intaneti. Kinyume chake, Kiingereza cha Afrika Mashariki kilibaki na upana wa Kiswahili kwa muda mrefu: mashindano ya magari yaliyoanza 1953, ambayo Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mara tatu, yaliitwa Safari kwa sababu ulikuwa mwendo mrefu wa vumbi na matope kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, si kwa sababu ya tembo.

Je, si kawaida ya maneno?

Wapo watakaosema neno lenyewe si letu, tumelitoa kwa Waarabu, hivyo hatuna haki ya kumdai mwingine. Hoja hii inachanganya asili na kazi. Mzizi ni wa Kiarabu, hakuna ubishi. Lakini maana iliyoingia katika Kiingereza, ile ya kundi lililojipanga, lenye mnyapara na mizigo na mwendo wa miezi, ilitengenezwa Bara na watu wa Bara waliokuwa wakitumia Kiswahili kama lugha ya kazi. Fasihi yetu yenyewe inaonyesha upana huo. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo wa masimulizi ya Waswahili wenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari yumo na habari za nyuma ya Bagamoyo, na Selim bin Abakari anasimulia mwendo wake wa Nyasa, kisha mwendo wake wa Urusi na Siberia. Neno moja linatosha kwa Nyasa na kwa Siberia, na mwenye kutazama na kuandika safari hii ni Mwafrika.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Maneno hubadilika, sisi wenyewe tumeigeuza hongo ikawa rushwa bila kumwomba radhi mtemi yeyote wa Ugogo, basi kwa nini Kiingereza kizuiwe? Nakubali kwamba hakizuiliki, na kumtaka mtu wa Manchester aseme "safari" akienda kwa shangazi yake ni kupoteza pumzi. Lakini kubadilika kwa neno si tukio la hali ya hewa. Kuna wanaonufaika na sura mpya na kuna wanaofutwa nayo. Neno lililobeba watu mia mbili likabaki na mmoja linafundisha kitu kuhusu nchi: kwamba ni mandhari, kwamba wenyeji ni nyongeza. Fundisho hilo lilipata sera za kulitegemeza. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti na kupelekwa upande wa Ngorongoro, na mwaka huohuo filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ikaionyesha dunia mbuga kama makao ya wanyama watupu. Siwezi kudai kwamba neno ndilo lililowaondoa. Ninachodai ni kwamba picha iliyomo ndani ya neno ilifanya kuondoka kwao kuonekane kama jambo la kawaida.

Kiswahili kina methali inayosema kinyume cha picha hiyo: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Mwenye kusafiri hutegemea wa kumbebea, wa kumwonyesha njia na wa kumpa maji, na cheo chake hakimwokoi.

> Mwenye kusafiri hutegemea wa kumbebea, wa kumwonyesha njia na wa kumpa maji.

Hoja ya tatu inatoka upande mwingine, nayo inastahili heshima. Ni kwamba kuisifu misafara ni kuusahau utumwa, kwa kuwa kwenye njia hizohizo watu walipelekwa pwani wamefungwa minyororo, na pembe za ndovu mara nyingi zilikwenda nao. Ni kweli, na maelezo yoyote ya wapagazi yasiyowataja hao ni uongo wa aina nyingine. Lakini kumrudisha mpagazi wa ujira hakumwondoi mtumwa. Kunatusaidia kuacha kuwachanganya wawili hao, jambo ambalo picha nyingi za vitabu vya shule hufanya, hadi mtoto akaamini kwamba kila Mwafrika mwenye mzigo kichwani katika karne ya 19 alikuwa mali ya mtu.

Kilicho hatarini sasa

Kazi ya upagazi haijaisha Tanzania. Iko Kilimanjaro, ambako wabebaji, wenyewe kwa wenyewe wakiitana wagumu, hupandisha mahema, gesi, vyakula na hata viti vya wageni, mzigo ukipimwa kwenye mizani getini ili usizidi kilo 20. Hao ndio warithi wa moja kwa moja wa wale wa Kwihara. Lakini tazama matangazo ya Kiingereza ya kampuni za Arusha na Moshi: kupanda mlima kunauzwa kwa jina la kupanda mlima, na safari ni ile ya siku tano za mbugani inayofuata baadaye, kwa gari. Kazi pekee ya kitalii inayofanana na safari ya Burton imekosa jina lake, na madai ya wagumu kuhusu ujira, mavazi ya baridi na mahali pa kulala yanasikika kama jambo jipya, wakati yana umri wa zaidi ya miaka 150.

Kwa upande wa kumbukumbu, njia ya kati kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji imo, tangu 2006, katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayokusudiwa kupendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Miembe iliyopandwa enzi za misafara bado ipo Ujiji. Tembe la Kwihara, ambamo Livingstone alikaa na ambamo Chuma na Susi walikataa ushauri wa Cameron wakiwa na maiti yake, linajulikana kwa jina la Livingstone. Na pendekezo la njia yenyewe limeandikwa kwa jina la biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Majina yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yanamwacha mtu aliyetembea njia hiyo mara nyingi kuliko mwingine yeyote.

Orodha ya awali huandaliwa na serikali ya nchi yenyewe, na inaruhusiwa kurekebishwa wakati wowote kabla ya pendekezo kamili kupelekwa. Wapagazi wanaweza kuongezwa kwenye jina la njia hiyo kutoka Dodoma, na masimulizi ya Velten yakaingizwa katika mafunzo ya waongoza watalii, bila kumwomba ruhusa mtunga kamusi yeyote wa Oxford.